Akaunti ya kasino mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujisajili na kuingia kwa usalama

Akaunti ya kasino ni pochi na jalada kwa wakati mmoja: ndani yake mna pesa, picha ya kitambulisho, anwani ya nyumbani na taarifa za benki. Mengi yanayomkwamisha mchezaji siku ya kutoa pesa huanzia siku ya kujisajili, kwenye jina lililoandikwa harakaharaka au barua pepe ambayo hakuitilia maanani. Ndiyo maana majibu ya maswali ya mwanzo ni marefu.

Nikague nini kabla sijajaza fomu yoyote?

Anza na leseni. Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Kasino yenye leseni huandika pale jina la kampuni inayoiendesha, mamlaka iliyoipa leseni na namba ya leseni yenyewe. Usiridhike na nembo, maana nembo ni picha na yeyote anaweza kuinakili. Fungua kichupo kipya, nenda kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe kwa kuandika anwani yake kwa mkono, kisha tafuta jina la kampuni kwenye daftari la leseni. Tume ya kamari ya Uingereza na mamlaka ya michezo ya Malta, kwa mfano, zina daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua bila kujisajili.

Ukiipata kampuni, linganisha anwani ya tovuti iliyomo kwenye daftari na ile iliyo juu ya kivinjari chako, herufi kwa herufi. Hapa ndipo penye mtego. Herufi "r" na "n" zikikaa pamoja huonekana kama "m", na namba 1 hufanana na herufi "l". Kampuni inaweza kuwa halali kabisa, na ukurasa ulio mbele yako ukawa nakala ya tapeli.

Kuna alama ya kufuli na anwani inaanza na https. Si inatosha?

Haitoshi. Alama hiyo inamaanisha kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamefichwa njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Cheti cha https hupatikana bure kwa dakika chache, na matapeli wanavyo vyeti hivyo pia. Tovuti isiyo na https ikimbie, lakini yenye https bado ikague kama ilivyoelezwa hapo juu.

Nina umri wa kutosha? Na ikiwa kasino haihudumii nchi niliyopo?

Mahali pengi umri wa chini ni miaka 18, na kwingine ni 21, yakiwemo majimbo mengi ya Marekani yanayoruhusu kasino za mtandaoni. Inayohesabiwa ni sheria ya mahali ulipo wakati wa kucheza.

Usitumie VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, kujifanya uko nchi nyingine. Fomu itapita na pesa utaweka bila tatizo, lakini siku ya kutoa utaombwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na hapo uongo utajitokeza wenyewe. Masharti ya kasino nyingi huruhusu kufunga akaunti ya namna hiyo na kufuta ushindi, na hutakuwa na pa kulalamikia kwa sababu wewe ndiye uliyevunja masharti.

Fomu ya kujisajili inauliza nini, na watu hukosea wapi?

Kwa kawaida huuliza majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya makazi, barua pepe, namba ya simu, sarafu utakayotumia, jina la kuingilia na nywila. Kinachohitaji utulivu zaidi ni jina. Liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachowasilisha baadaye, kwa mpangilio uleule na kwa tahajia ileile. Mtu mwenye majina matatu akiandika mawili tu, au akitumia jina la utani analojulikana nalo, atakwama kwenye uhakiki. Kama kitambulisho kina jina moja na akaunti ya benki ina jingine, rekebisha tofauti hiyo benki kwanza, kwa sababu kasino italinganisha vyote viwili.

Tarehe ya kuzaliwa nayo hugeuzwa mara kwa mara, kwa kuwa fomu nyingine hutanguliza mwezi na nyingine siku. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya kisanduku. Sarafu ichague kwa makini, maana kasino nyingi haziruhusu kuibadilisha baadaye, na ukichagua isiyo ya benki yako utalipa gharama ya kubadilisha fedha kila unapoweka na kila unapotoa.

Jambo la mwisho: mtu mmoja, akaunti moja. Kasino nyingine huweka kikomo hadi kwa kaya au kifaa kimoja. Ukisahau nywila, rejesha akaunti ya zamani, usifungue mpya. Akaunti ya pili huchukuliwa kuwa udanganyifu hata kama hukuwa na nia mbaya.

Wakati wa kujisajili kuna kisanduku cha bonasi. Nikitie tiki?

Soma masharti ya kuzungusha dau kwanza. Tuseme bonasi ni 100 na sharti ni mara 35. Maana yake lazima ubeti jumla ya 3,500 kabla hujaruhusiwa kutoa. Ukicheza sloti, yaani mashine ya kuzungusha picha, inayorudisha kwa wastani asilimia 96 ya madau, matarajio ya kihesabu ni kupoteza asilimia 4 ya 3,500, yaani 140, kiasi kinachozidi bonasi yenyewe. Angalia pia dau la juu linaloruhusiwa bonasi ikiwa hai, kwa sababu kulivuka hata mara moja kunaweza kufuta ushindi wote. Kwa anayejifunza bado kuitumia akaunti, ushauri wetu ni kuacha kisanduku hicho wazi.

Kwa nini mnasisitiza sana barua pepe?

Kwa sababu ndiyo ufunguo wa funguo zote. Anayeingia kwenye barua pepe yako hahitaji kujua nywila ya kasino: anabonyeza "nimesahau nywila", kiungo kinamfikia, anaweka nywila mpya, na wewe umebaki nje. Kuweka nywila kali kwenye kasino huku barua pepe ikilindwa na jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Fungua anwani maalumu kwa ajili ya mambo ya pesa tu, usiyoitumia kwenye mitandao ya kijamii wala kwenye mashindano ya zawadi. Iwekee nywila yake yenyewe na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo wa ziada unaoombwa baada ya nywila, kabla hujaiandika kwenye fomu ya kasino. Usitumie barua pepe ya kazini, kwani siku ukiacha kazi unaipoteza.

Nywila nzuri ikoje?

Urefu ndio nguvu yake. Herufi 16 au zaidi, na isiyotumika mahali pengine popote. Njia rahisi ni kuiachia programu ya kutunza nywila ikutungie na ikukumbukie. Kama hupendi programu hizo, unganisha maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa bila mpango. Methali, ubeti wa wimbo na jina la timu havifai, kwa sababu programu za kubahatisha nywila hulishwa orodha za maneno ya namna hiyo.

Kutorudia nywila kuna uzito kuliko alama zote za mshangao utakazoongeza. Novemba 2022, akaunti za wateja wa DraftKings, kampuni ya kubeti ya Marekani, ziliingiliwa na pesa zikatolewa. Kampuni ilisema kwamba fedha za wateja zilizoguswa hazikufika dola 300,000, na kwamba nywila hazikuibwa kwenye mifumo yake: zilivuja kwenye tovuti nyingine, na wahalifu wakazijaribu pale. Walioathirika ni wale waliotumia nywila moja kila mahali.

Niibadilishe kila mwezi?

Hapana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 unapinga kulazimisha watu kubadilisha nywila kwa ratiba, kwa sababu huishia kuongeza namba mwishoni tu. Ibadilishe mara moja unapoona dalili kwamba imevuja.

Uthibitishaji wa hatua mbili unawashwaje, na nichague upi?

Ingia kwenye akaunti, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya usalama, kisha washa hatua mbili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua apu ya uthibitishaji badala ya SMS. Tovuti itakuonyesha mchoro wa miraba midogo myeusi na myeupe. Uelekezee kamera ukiwa ndani ya apu, na apu itaanza kutoa misimbo ya tarakimu 6 inayobadilika kila sekunde 30. Andika msimbo uliopo ili kukamilisha.

Kabla hujafunga ukurasa huo, tafuta misimbo ya akiba. Ni orodha fupi ya namba zinazotumika mara moja kila moja, kwa ajili ya siku simu itakapopotea. Iandike kwenye karatasi na uihifadhi mbali na simu. Watu wengi huipiga picha ya skrini, na simu inapoibwa, picha nayo inakwenda.

SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, ila udhaifu wake ni laini yenyewe. Tapeli anaweza kwenda kwa mtoa huduma wa simu, akajifanya ni wewe, akapewa laini mpya yenye namba yako. Dalili ya kwanza ni mtandao kukatika ghafla kwenye simu yako huku wengine mlio nao wakiwa wanapata. Muulize mtoa huduma wako kama anaweka namba ya siri au zuio dhidi ya kubadilisha laini. Kinga hiyo si sawa na PIN ya SIM unayoandika simu inapowaka: PIN ya SIM humzuia aliyeiba kadi yenyewe, lakini haimzuii aliyepewa kadi mpya.

Apu inatoa msimbo lakini tovuti inaukataa. Kwa nini?

Karibu kila mara ni saa ya simu. Msimbo hukokotolewa kutokana na siri iliyomo kwenye apu pamoja na wakati wa sasa, kwa hiyo saa ikiwa mbele au nyuma kwa dakika moja au mbili, namba hazitalingana. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa saa ya kujiweka yenyewe kwa mtandao, kisha jaribu tena. Kama ulikuwa unasafiri, usisogeze saa kwa mkono, badilisha ukanda wa saa. Subiri pia msimbo mpya uanze kabla ya kuandika. Ule uliobakiza sekunde mbili utakwisha muda ukiwa bado unachapa.

Ukinunua simu mpya, hamisha apu kabla hujafuta ya zamani.

Kuingia kwa alama ya kidole bila nywila kuna usalama?

Inategemea kilicho nyuma yake. Kwenye apu nyingi alama ya kidole hufungua tu nywila iliyohifadhiwa ndani ya simu, na nywila hiyo bado inaweza kuvuja kwa njia nyingine. Lakini zipo tovuti zinazotoa ufunguo wa siri wa kifaa (kwa Kiingereza "passkey"), teknolojia ambayo Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja Mei 2022 kwamba zitaipanua. Huo ni tofauti. Ufunguo unabaki kwenye kifaa chako au kwenye programu yako ya nywila, na umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukifika kwenye nakala ya tapeli haufanyi kazi, hata wewe mwenyewe ukiwa umedanganyika. Kasino yako ikiwa nao, uchukue.

Uhakiki wa utambulisho unahitaji nini?

Kwa kawaida mambo matatu: kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, uthibitisho wa makazi kama bili au taarifa ya benki, mara nyingi isiyozidi miezi mitatu, na uthibitisho wa njia ya malipo. Wengine huongeza picha yako ya uso au video fupi. Ukiweka kiasi kikubwa unaweza kuulizwa pesa zimetoka wapi. Ni masharti ya sheria za kuzuia utakatishaji fedha. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, maelekezo ya 2015 yanataka mteja ahakikiwe kwenye miamala ya euro 2,000 au zaidi, na Uingereza tangu Mei 2019 inataka umri na utambulisho vithibitishwe kabla mtu hajaanza kucheza.

Usingoje uulizwe. Wasilisha nyaraka siku unayojisajili, kabla hujaweka pesa nyingi. Kama kuna kasoro, bora uijue pesa zako zikiwa bado mfukoni.

Ukiombwa picha ya kadi ya benki, acha zionekane tarakimu 6 za mwanzo na 4 za mwisho tu. Funika za katikati kwa kipande cha karatasi, na ile namba ya tarakimu 3 nyuma ya kadi usiionyeshe kamwe. Pakia kupitia ukurasa wa akaunti yako ukiwa umeingia. Nyaraka hazitumwi kwa mtu wa Telegram au WhatsApp anayejiita msaidizi.

Nyaraka zangu zimekataliwa, na naona ziko sawa. Tatizo nini?

Tazama picha kama anavyoitazama mhakiki. Pembe zote nne za kitambulisho zinaonekana? Mwanga wa flashi umeacha doa jeupe juu ya tarehe? Kidole kimeziba namba? Kilaze juu ya meza ya rangi iliyokolea, karibu na dirisha mchana, zima flashi, shika simu juu yake moja kwa moja bila kuinamisha, na piga picha ya rangi. Usikate pembeni wala kuongeza mwanga kwa programu, kwani faili iliyohaririwa huweza kutiliwa shaka.

Kama picha ni safi, angalia maandishi: anwani kwenye bili ni ileile uliyoijaza? Bili iko kwa jina lako, au la mwenye nyumba?

Nikitaka kuingia, hatua sahihi ni zipi?

Hifadhi anwani ya kasino kwenye vipendwa vya kivinjari siku ile ulipoikagua, na daima ingia kwa hapo. Usiitafute upya kwenye injini ya utafutaji, kwa kuwa matokeo ya juu huweza kuwa tangazo la kulipia linalopeleka kwenye nakala. Acha programu ya nywila ijaze yenyewe. Ikikataa kujaza, simama. Programu hiyo hulinganisha anwani, si sura ya ukurasa, na kukataa kwake mara nyingi ni onyo kwamba tovuti si ile. Ukishaingia, tupia jicho tarehe na kifaa cha mwisho kuingia, kama kasino inavionyesha.

Nywila ni sahihi lakini nakataliwa.

Chunguza kwanza nafasi tupu: ukinakili nywila kutoka kwenye ujumbe, mara nyingi nafasi moja isiyoonekana hufuata mwishoni. Kisha angalia kama herufi kubwa zimewashwa, na kama kivinjari kinajaza nywila ya zamani. Usiendelee kubahatisha, maana baada ya majaribio machache yaliyoshindwa akaunti hufungwa kwa muda. Ukiomba kiungo cha kubadilisha nywila mara tatu mfululizo, kwa kawaida cha mwisho ndicho hai, vingine vimekufa. Kama ukurasa unazunguka na kukurudisha mwanzo, futa vidakuzi vya tovuti hiyo (faili ndogo inazoziacha kwenye kivinjari), zima VPN, jaribu tena.

Naweza kutumia Wi-Fi ya umma au kompyuta ya kukodi?

Wi-Fi ya umma ina hatari ndogo kuliko inavyosemwa, mradi tovuti ni ya https na kivinjari hakitoi onyo la cheti. Onyo likitokea, acha. Kompyuta ya kukodi ni hatari kweli: huenda ina programu inayorekodi kila kibonye unachobonyeza, na hakuna nywila ndefu itakayokuokoa. Usiingie hapo kabisa.

Nimepigiwa na mtu wa huduma kwa wateja, anataka msimbo uliokuja kwa SMS.

Kata simu. Msimbo huo umekuja kwa sababu yeye, wakati huohuo, anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, na nywila huenda tayari anayo. Mfanyakazi halali hana haja nao. Ibadilishe nywila yako sasa hivi.

Kuna aina ya ulaghai iliyo ngumu zaidi kuigundua. Unapata ujumbe kwamba akaunti imesimamishwa, unabonyeza kiungo, ukurasa unafanana na halisi, unaandika nywila, kisha unaombwa msimbo. Tovuti bandia inapeleka kila unachoandika kwenye tovuti halisi papo hapo, na ndani ya sekunde 30 tapeli ameingia. Ndiyo maana msimbo peke yake haumlindi anayefuata viungo vya kwenye ujumbe.

Nipakue apu wapi?

Kwenye duka rasmi la simu yako, kwa kuanzia kwenye kiungo kilicho ndani ya tovuti uliyokwisha kuikagua. Faili la usakinishaji lililotumwa kwenye kundi la mazungumzo usilifungue. Apu ya kasino inayoomba kusoma SMS zako au kupewa ruhusa za huduma za ufikivu, zilizokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu, inaomba kuiona misimbo na skrini yako. Kataa.

Naona muamala nisioujua. Nianzie wapi?

Kwenye barua pepe, si kasino. Ukibadilisha nywila ya kasino huku mwizi yumo kwenye barua pepe, ataibadilisha tena. Tumia kifaa unachokiamini. Badilisha nywila ya barua pepe, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, kisha kagua kanuni za kupeleka ujumbe, maana wezi huacha kanuni inayoficha barua za kasino. Ndipo uende kasino: nywila mpya, toka kwenye vifaa vyote, kagua akaunti ya benki iliyosajiliwa kwa ajili ya kutoa pesa. Waandikie huduma kwa wateja wasimamishe utoaji, ukitaja saa na kiasi cha muamala, na uhifadhi mazungumzo hayo. Pigia benki yako siku hiyohiyo.

Rafiki anaweza kucheza kwenye akaunti yangu?

Hapana. Ni kinyume cha masharti karibu kila mahali, na akishinda, ushindi unaweza kufutwa. Kadi ya rafiki nayo usiitumie kuweka pesa: kasino nyingi hurejesha pesa kwa njia ileile zilizoingilia, na jina la mwenye kadi lazima liwe lako.

Mipaka ya kuweka pesa niiwashe lini?

Kabla ya kuweka pesa kwa mara ya kwanza, ukiwa bado umetulia. Ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, ikiwa na sifuri moja ina nafasi 37, na kasino inabaki na wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Yenye sifuri mbili ina nafasi 38 na asilimia 5.26. Kadiri unavyocheza ndivyo hesabu hiyo inavyokukaribia, kwa hiyo weka kikomo cha siku na cha mwezi kwa kiasi ambacho kikipotea chote, kodi na chakula havitaguswa. Kwa kawaida kupunguza kikomo hutekelezwa papo hapo, na kukiongeza husubirishwa saa 24 au zaidi.

Nataka kuacha. Nifunge akaunti au nijifungie?

Ni vitu viwili tofauti. Akaunti iliyofungwa kawaida unaweza kuomba ifunguliwe tena, pengine kesho yake. Kujifungia ni zuio la muda uliouchagua, na huwezi kulitengua katikati. Ukihisi unacheza ili kurudisha ulichopoteza, au unawaficha watu wa nyumbani, chagua kujifungia. Baadhi ya nchi zina mfumo mmoja unaozifunga kasino zote zenye leseni kwa pamoja: Uingereza ina GAMSTOP, ambako unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na Sweden ina Spelpaus. Kabla hujathibitisha, toa salio lililobaki, pakua historia ya miamala, futa kadi zilizohifadhiwa na uzime barua za matangazo. Iombe benki yako pia, kama inayo huduma hiyo, izuie malipo ya kamari kwenye kadi.